Redio Tatu na Vita vya Kagera: Somo la Kusikiliza Habari za Nje



Wengi wetu tulijifunza kusoma ili tusipunjwe kwenye mizani, na tusiweke dole gumba penye karatasi tusiyoielewa. Hiyo ni faida kubwa, wala hakuna anayeibisha. Lakini kuna mizani nyingine ambayo wengi bado tunapunjwa, nayo ni ya habari za nchi za nje. Bei ya mahindi nikikudanganya utakwenda sokoni mwenyewe ukaone. Habari za vita vya nchi nyingine utakwenda wapi? Hujafika huko, na anayekusimulia humjui.

Nitaeleza jambo hili kwa kisa nilichokiona mwenyewe hapa Mtoni, Temeke, mwaka 1978 na 1979. Nilikuwa kijana, nikimsaidia mwalimu wa kisomo. Darasa letu lilikuwa chini ya mwembe, jioni, wanafunzi wakitoka shamba na wengine wakitoka kiwandani. Tulikuwa na redio moja ya National, ya betri, iliyotumika kwenye kikundi cha kusikiliza wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973. Betri zikichoka tulizianika juani, zikapata nguvu kidogo, tukasikiliza tena.

Mwanafunzi mmoja alikuwa mama mtu mzima, muuza vitumbua. Sote tulimwita Shangazi. Mtoto wake wa kwanza alikuwa askari wa Jeshi la Wananchi, JWTZ. Shangazi alikuwa ameanza kusoma akiwa na wajukuu, na sababu yake aliisema wazi siku ya kwanza: alitaka kusoma barua za mwanawe bila kumpitia jirani.

Sasa vita. Mwezi Oktoba 1978 redio ya Uganda ilitangaza kwamba Tanzania imeivamia Uganda. Serikali yetu ilikanusha. Mwishoni mwa mwezi huo huo majeshi ya Idi Amin yakavuka mpaka, yakaingia mkoa ambao sasa unaitwa Kagera. Tarehe 1 Novemba redio ya Uganda ikatangaza kwamba nchi yote kaskazini ya mto Kagera, maili za mraba 710, sasa ni sehemu ya Uganda. Ikajisifu kwamba kazi hiyo imefanyika kwa dakika 25 tu. Dakika ishirini na tano! Hapa Mtoni mtu hawezi kumaliza kupalilia tuta tatu. Siku iliyofuata, tarehe 2 Novemba, Mwalimu Nyerere alizungumza na wazee wa Dar es Salaam, na nchi nzima ikajua kwamba tunakwenda kupigana.

Basi, wiki ile ile Shangazi alikwenda bombani kuchota maji. Mtu mmoja akamwambia, "Pole, askari wetu wa huko mbele wamekwisha wote. Redio imesema." Shangazi aliacha ndoo pale pale. Alikuja darasani bila khanga ya juu, miguu ina matope, akatuuliza, "Nyinyi wasomi, redio imesema nini?"

Tulimuuliza: redio gani? Hakujua. Tukamtafuta yule wa bombani. Naye hakusikia mwenyewe, alisikia kwa shemeji yake. Shemeji naye alisikia kwa mtu kwenye basi la Kilwa Road. Huyo wa kwenye basi hatukumpata. Habari ya kumuua mtoto wa mtu ilipita vinywa vinne, na hakuna kinywa hata kimoja kilichoweza kutaja jina la redio.

Mwalimu wetu alikuwa mtu mpole, lakini siku hiyo alikasirika. Alichukua daftari jipya, akapiga mistari kwa rula, akapata safu tatu. Juu ya safu ya kwanza aliandika DAR ES SALAAM, ya pili KAMPALA, ya tatu LONDON. Akasema, "Kuanzia leo hakuna kusema redio imesema. Tunaandika ni redio ipi, siku gani, saa ngapi."

Redio Tanzania Dar es Salaam ilisikika vizuri. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ya London, ambayo ilianza mwaka 1957, ilisikika jioni. Redio ya Kampala ilisikika usiku, kwa kukatikakatika, na kuna waliosema si vizuri kumsikiliza adui. Mwalimu akawajibu kwamba kumsikiliza mtu si kumkubali.

Tuliposoma daftari baada ya wiki mbili tatu, jambo la kwanza tuliloliona ni majina. Mtu mmoja alikuwa na majina matatu. Kwenye safu ya Dar es Salaam alikuwa "nduli Amin". Kwenye safu ya Kampala alikuwa Mtukufu Rais wa Maisha, na vyeo vingine virefu hadi mwandishi wetu alichoka kuviandika, akaweka nukta. Kwenye safu ya London alikuwa "Rais Amin". Mzee mmoja muuza kahawa akasema, "Kumbe hata ukiziba jina la redio juu, utajua ni nani anasema." Tulijaribu. Mmoja alisoma sentensi bila kutaja safu, wengine wakataja redio. Hawakukosea hata mara moja.

Hili ni jambo kubwa, ndugu msomaji, shika hapo. Habari ina vitu viwili ndani yake: kuna tendo lililofanyika, na kuna neno lililochaguliwa kulitaja tendo hilo. Majeshi yamevuka mto, hilo ni tendo. "Nduli" ni hukumu. Mimi hukumu hiyo naikubali hata leo, maana Amin aliua watu wengi, wa kwake na wa kwetu. Lakini kuikubali kwangu hakuifanyi kuwa tendo. Msikilizaji mwangalifu huvitenga viwili hivi kama mama anavyopepeta mchele.

Miaka hiyo hiyo tulikuwa na mfano mwingine karibu. Dar es Salaam ilikuwa na ofisi za vyama vya ukombozi vya kusini mwa Afrika. FRELIMO ya Msumbiji ilianzia hapa mwaka 1962, na kiongozi wake Eduardo Mondlane aliuawa hapa hapa kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi, tarehe 3 Februari 1969. Redio yetu iliwaita watu hao wapigania uhuru. Redio ya walowezi wa Rhodesia iliwaita magaidi wale waliopigana nao. Mtu yule yule, bunduki ile ile, msitu ule ule. Mwaka 1980 Rhodesia ikawa Zimbabwe, na aliyeitwa gaidi akawa Waziri Mkuu.

Turudi kwenye daftari. Mwezi Desemba alikuja Mtoni dereva wa lori aliyekuwa ametoka upande wa Bukoba. Alisema daraja la Kyaka limevunjwa. Alisema watu wamekimbia makwao, wanalala porini, na ng'ombe wa ranchi ya Kitengule wameswagwa kupelekwa Uganda. Mwalimu akamuuliza, "Daraja umeliona kwa macho?" Akajibu, "Daraja sikuliona. Wakimbizi nimewaona, na wengine nimewapakia." Mwalimu akapiga mstari mwingine kwenye daftari, akaandika juu ya safu ya nne: ALIYEONA. Akaandika wakimbizi. Daraja hakuliandika, ingawa baadaye tulijua ni kweli lilivunjwa.

Safu hiyo ya nne ndiyo iliyotufundisha zaidi, kwa sababu karibu kila siku ilikuwa tupu. Redio tatu zinasema kutwa kucha, lakini aliyeona hayupo. Na London je? Wengi wa waandishi wa nje walikaa Nairobi, wakiuliza wasafiri na mabalozi. Serikali zote mbili zilizopigana hazikutaka wageni karibu na vita. Waliojaribu kwenda kuona, wengine waliona cha moto. Mwezi Aprili 1979 waandishi wanne wa Ulaya, Waswidi wawili na Wajerumani wawili, walivuka Ziwa Victoria kutoka Kenya ili wafike Kampala. Walipotia mguu Uganda waliuawa na askari wa Amin. Waandishi wawili Wamarekani waliokuwa wakiishi Dar es Salaam walifuatana na jeshi letu hadi Kampala, na baadaye waliandika kitabu. Kwa hiyo ukisikia mtangazaji wa mbali akisema "habari zinasema", jiulize habari hizo zina miguu ya nani.

Sasa nifike penye uzito. Mwezi Januari 1979 majeshi yetu yalikuwa yameshamwondoa adui kwenye ardhi yetu, na yakauteka mji wa Mutukula uliopo mpakani. Mwezi Februari safu za daftari letu zilianza kupingana vibaya. Redio yetu ilizungumza juu ya Waganda walioinuka kumwondoa Amin. London ilisema majeshi ya Tanzania yamo ndani ya Uganda, pamoja na Waganda hao, na yanakwenda mbele. Kampala ilisema mambo ya kwake, ati adui anapigwa kila mahali. Tena mwanzoni mwa vita Amin alikuwa ametaka yeye na Mwalimu Nyerere wapigane ngumi ulingoni, na Muhammad Ali awe mwamuzi! Darasa zima lilicheka siku hiyo, hata Shangazi.

Lakini usiku Shangazi alikuwa halali. Swali lake lilikuwa moja: mwanangu yuko wapi? Kama yuko Kagera, vita vimekwisha kwake. Kama yuko ndani ya Uganda, bado anapigwa risasi. Redio ya nchi yake, redio anayoipenda, ilikuwa haimwambii. Redio ya Waingereza, ambao miaka kumi na minane nyuma walikuwa wakitutawala, ndiyo iliyomwambia.

Mwezi Machi ikaja barua. Shangazi aliisoma mwenyewe, kwa kidole, mbele ya darasa. Mwanawe alisema ni mzima, anasalimu wote, na huko aliko ndizi ni nyingi sana. Jina la mahali hakuna. Tulibishana saa nzima: ndizi za Bukoba au ndizi za Masaka? Kwenye safu ya ALIYEONA mwalimu akaandika neno moja, "ndizi".

Alipokuja likizo mwaka 1980 alituambia. Mwisho wa Februari, sisi tukidhani yuko mpakani, yeye alikuwa Masaka. Tarehe 11 Aprili 1979, Kampala ilipoanguka na redio ya Uganda ikatangaza yenyewe kwamba utawala wa Amin umekwisha, yeye alikuwa mjini, amefika kwa miguu kama wenzake wengi. Viatu vyake vilikuwa vimefungwa kwa kamba ya mgomba.

Kwa nini redio yetu ilinyamaza? Tuwe wakweli, sababu zilikuwepo, na tuzitenge. Sababu ya kwanza: jeshi halitangazi lilipo, adui naye ana redio. Hiyo kila mzazi anaielewa. Sababu ya pili ilikuwa ya siasa. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuwa na kanuni kwamba nchi isiingilie nchi nyingine. Kwa hiyo serikali ilisema kuna vita viwili: vita vya Tanzania kumfukuza mvamizi, na vita vya Waganda wenyewe kumwondoa Amin. Waganda wenye silaha walikuwepo kweli. Ila mzigo mkubwa uliubebwa na askari wetu, na hilo ndilo lililofichwa mpaka lisingeweza kufichika. Mkutano wa Umoja huo ulipofanyika Monrovia mwezi Julai 1979, baadhi ya viongozi waliilaumu Tanzania wazi wazi, kwa hiyo hofu ya serikali haikuwa ya bure.

Mimi naona vita vile vilikuwa vya haki. Tena naona redio yetu haikutwambia yote. Mambo hayo mawili yanakaa pamoja kichwani mwangu bila kugombana. Kuna watu hawawezi. Wakiipenda nchi wanataka redio yake iwe haikosei, na wakigundua imeficha jambo moja wanataka iwe imedanganya yote.

Hapo London ilikuwa na habari iliyo karibu zaidi na tendo. Je, sasa tuseme London haina upendeleo? Mzee wa kahawa ndiye aliyekataa. Akasema, "Nyinyi mmesahau 1971." Na kweli tulikuwa tumesahau. Tarehe 25 Januari 1971 Amin alipompindua Rais Obote, serikali ya Uingereza ilikuwa miongoni mwa za kwanza kumtambua, na magazeti mengi ya huko yalimsifu, ati ni askari mchangamfu, rafiki wa Waingereza. Obote alikuwa amewaudhi kwa siasa yake na kwa ugomvi juu ya silaha za Afrika Kusini. Tanzania ilikataa kumtambua Amin tangu mwanzo. Mwaka 1972 Amin akawapa Waasia siku 90 waondoke, wengi wao wenye pasi za Uingereza, na akachukua mali za Waingereza. Ndipo magazeti yale yale yakaanza kumwita dikteta. Waganda waliouawa mwaka 1971 walikuwa wamekufa tayari, ila walikuwa hawajaandikwa sana.

Kwa hiyo redio ile ile inaweza kuwa shahidi mzuri kwa jambo moja na shahidi mbaya kwa jambo jingine. Inategemea kama mwenye redio ana ng'ombe wake kwenye zizi hilo. Katika vita vya Kagera Uingereza haikuwa na cha kuficha kuhusu mahali jeshi letu lilipo. Mwaka 1971 ilikuwa na rafiki wa kumlinda.

Ndiyo maana tunauliza pia nani analipa. Redio Tanzania ililipwa na serikali yetu, na redio ya Kampala na serikali yake. Matangazo ya BBC ya nchi za nje kwa miaka mingi yalilipiwa na fungu la Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza. Redio ya Ujerumani, Deutsche Welle, hulipwa na serikali ya Ujerumani. Sauti ya Amerika ililipwa na serikali ya Marekani, na mwezi Machi 2025 tuliona serikali hiyo hiyo ikisimamisha matangazo yake, studio zikawa kimya. Kulipwa si lazima kudanganya. Mtu anaweza kulipwa na akasema kweli. Lakini ukijua mlipaji, utajua ni habari gani ataitamka polepole.

Kuna kosa moja ambalo darasa letu lilifanya, nami naona linafanywa na watu wenye elimu kubwa. Tulipoona redio zinapingana, mmoja wetu akasema, "Basi ukweli uko katikati." Kampala inasema Tanzania imevamia, Dar es Salaam inasema Uganda imevamia, kwa hiyo kila mmoja amevamia kidogo. Hapana! Mmoja akisema mvua inanyesha na mwingine akisema ni jua kali, huwezi kusema kuna manyunyu. Toka nje uone. Mwezi Oktoba 1978 mvamizi alikuwa mmoja. Walioona, yaani wakimbizi waliopakiwa kwenye lori, hawakukimbilia katikati.

Niguse kidogo jambo la mashirika ya habari. Shirika la habari ni duka la jumla: huuza habari kwa magazeti na redio, nazo huturejarejea sisi. Wakati ule maduka makubwa ya nchi za Magharibi yalikuwa manne, mawili ya Marekani, moja la Uingereza na moja la Ufaransa. Habari ya jirani zetu iliweza kupita London au Paris kabla ya kufika Mtoni. Tanzania ilianzisha lake, SHIHATA, mwaka 1976, na nchi za Afrika zikaanzisha PANA, yenye makao Dakar, lililoanza kutuma habari mwaka 1983. Somo kwako ni dogo: ukisikia redio tatu zikisema jambo moja kwa maneno yale yale, huenda si mashahidi watatu. Huenda wote wamenunua duka moja.

Siku hizi redio ya National hakuna, kuna simu. Mjukuu wa Shangazi hupokea picha za vita vya nchi za mbali kabla hata redio haijasema. Watu hudhani picha ndiyo aliyeona. Nimeshaonyeshwa picha ya nyumba zinazoungua, ikaambiwa ni ya juzi, kumbe ilipigwa miaka mingi nyuma na nchi nyingine. Picha nayo iulizwe kama yule wa bombani: umetoka wapi, nani alikupiga, siku gani?

KAZI YA KIKUNDI

Chagueni habari moja ya nje inayozungumzwa wiki hii. Pigeni mistari kwenye daftari mpate safu nne. Tatu ziwe za redio au magazeti ya nchi tofauti, na mojawapo iwe ya nchi inayohusika yenyewe, hata kama hamuipendi. Ya nne iwe ALIYEONA. Andikeni kwa siku saba, kwa tarehe na saa.

Halafu mjadiliane. Ni maneno gani yanataja tendo, na yapi ni hukumu? Nani analipa kila redio, na ana ng'ombe gani katika zizi hilo? Kuna jambo ambalo safu moja imelitaja na nyingine zote zimelinyamazia? Safu ya nne ina nini? Kama ni tupu, iacheni tupu, msiijaze kwa kukisia.

Maneno ya kujifunza kuandika: mvamizi, upendeleo, kanusha, shahidi, chanzo, mkimbizi, hukumu.

Shangazi alitunza daftari letu mpaka alipofariki. Ukurasa wenye neno "ndizi" ameukunja pembeni.